Magunia 40 kwa giza moja

Nasimamia stoo ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nilipoanza, mama mwenye mali alinipa maagizo mawili tu: mzigo uongezeke, dagaa wawe wazuri. Nikaitikia, "Sawa, mama." Kila tukifunga hesabu tunagombana, maana yeye ana "wazuri" wake na mimi nina wangu.

Mdogo wangu ni mwalimu. Alijaza sana fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa watumishi wa serikali; siku hizi ni mfumo wa PEPMIS. Ndiye aliyeniambia niyaandike malengo yetu. Nikanunua kauntabuku, ukurasa wa kwanza nikaandika: "Kuboresha ubora wa dagaa." Nilijiona msomi. Mama mmoja anayetuchambulia akasoma, akaniuliza, "Sasa mwanangu, huo ubora nikishika gunia nitaujuaje?"

Nikakosa la kujibu.

Adui yetu ni mchanga, kwa sababu dagaa wengi bado wanaanikwa chini ufukweni badala ya kwenye chanja. Basi nikafuta, nikaandika hivi: kabla gunia halijapanda mzani, viganja viwili vya dagaa vitiwe kwenye beseni la maji, vikorogwe, maji yaachwe yatulie. Mchanga ukionekana chini, gunia linarudi kwa aliyelileta. Hilo hata vijana wa mikokoteni walilielewa siku hiyohiyo.

La mzigo ndilo lilinitoa jasho. Niliandika magunia 10 kila wiki. Wiki mbili tukavuka, ya tatu tukapata mawili, mama akang'aka. Na mimi nimezaliwa hapahapa ziwani, nilisahau vipi? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Nikaachana na wiki, nikaandika magunia 40 kwa giza moja, yaani kipindi kizima cha usiku usio na mbalamwezi, na mawakala wa Ukerewe wapigiwe simu giza linapoanza. Siku za mbalamwezi nikazipa kazi yake: kudai madeni na kushona magunia yaliyotoboka. Safari hii nikampelekea mama asome kwanza, akatia sahihi.

Giza lililopita tulifunga na 37. Mama akafungua daftari, akaikuta sahihi yake, akauliza matatu yako wapi. Nikamwambia yamerudishwa, yalikuwa na mchanga. Hakusema kitu. Akainama, akaanza kuchungulia beseni.