Nilivyoweza kuzisoma barua za babu alizotuma akiwa baharini wakati wa vita

Bibi alipofariki tulikuta bati la biskuti chini ya kitanda chake, ndani barua 31. Babu alikua mpakia makaa kwenye meli ya mizigo wakati wa vita kuu ya pili, alipandia hapa hapa Mombasa, bandari ya Kilindini. Nyingine ni zake kwenda kwa mamake Mji wa Kale, nyingine ni za mamake kwenda kwake, alirudi nazo zote. Nyumba nzima hakuna aliyeweza kuzisoma kwasababu ni Kiswahili lakini kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mimi chuo (madrasa) nimesoma, Qur'ani naisoma vizuri, nikajua ni kazi ya wiki moja. Imenichukua miezi saba.

Shida ni kwamba uandishi ule wa zamani herufi ya ba inabeba b, p na mb zote, na i na e zinaandikwa sawa, u na o vile vile. Yaani neno "bibi" na neno "pembe" kwa macho ni kitu kimoja. Kuna barua nilisoma "tumepakia Pemba usiku kucha" nikaandika kabisa kwenye daftari kwamba meli ilipita Pemba, labda kuchukua karafuu, nikafurahi sana maana ndio mara ya kwanza napata jina la mahali. Nilipomsomea shangazi akanikata hapo hapo: "Mwanangu, hiyo ni pipa. Tumepakia pipa. Babako mdogo alikua akitusimulia mgongo wa babu yako ulivyoharibiwa na mapipa ya mafuta."

Hapo ndio nikapata njia. Nikaacha kusoma kwa macho. Kila alhamisi baada ya laasiri naenda kwa shangazi, natamka silabi polepole bila kuamua ni neno gani, yeye amefumba macho anasikiliza, akilipata analisema kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kama walivyokua wakisema wao, mimi naandika. Picha nilipiga kwa simu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje ubavuni, flashi usiwashe kabisa, wino umeshapauka unapotea wote.

Tarehe nazo zilinisumbua mpaka nilipokumbuka miezi yetu. Babu anaandika "mfunguo sita", yaani mwezi wa maulidi, na mwaka wa hijria pembeni. Kuna moja ya 27 Rajabu 1361, nikatafuta kwenye programu ya kalenda ikanipa Agosti 1942. Mwaka huo Wajapani walikua wameipiga Colombo mwezi wa nne na manowari za Waingereza zikahamishiwa huku Kilindini, kwahiyo Mombasa yote ilikua imejaa wanajeshi na babu hata neno moja hasemi. Hakuruhusiwa. Bahasha zina muhuri wa mkaguzi, na barua moja imekatwa kwa wembe katikati, kidirisha cha mistari miwili. Basi akawa anasema kwa mafumbo, "asubuhi jua lanipiga kisogoni". Shangazi alifungua macho akasema wanaelekea magharibi hao, wanarudi. Mamake alielewa vile vile nadhani, maana jibu lake anasema amenunua mchele.

Iliyonishinda kusoma kwa sauti ni ya mamake, mfunguo sita 1363. Nimeipiga hesabu ni Machi 1944 au siku chache kabla. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 12 Februari, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa torpedo na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache tu, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Habari zile hazikutangazwa wazi wakati ule lakini mji una masikio. Mama wa watu hajui mwanawe yuko meli gani. Hakujua kuandika, alimwandikisha mwalimu wa chuo, na barua haina hata salamu ndefu za kawaida, inasema: nimesikia maneno ya bahari sitaki yaandikwe humu, kama u hai nitumie chochote cha mkono wako.

Jibu lipo kwenye bati, karatasi ndogo kama ya daftari la duka, ina alama za kukunjwa mara nne na doa jeusi la kidole pembeni, nadhani makaa. Babu ameandika jina lake, jina la babake na la babu yake. Basi, hakuna kingine.

Shangazi aliniomba nimsomee tena ile, nikamsomea, halafu akaichukua akaiweka ndani ya msahafu wake. Kwahiyo kwenye bati saivi ziko 30.