Jina halikatwi

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umekatika toka magharibi na hadi sasa haujarudi, ila cherehani yangu ni ile Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa hiyo kazi inaendelea tu, nimeweka taa ya sola juu ya meza na nyingine nimeining'iniza kwenye msumari wa kalenda. Watoto wamelala. Mama mkwe naye nilidhani amelala, kumbe yuko macho chumbani kwake anasikiliza mlio wa cherehani, maana nikisimama kidogo tu ananiuliza kwa sauti, "Umefumua tena?"

Nimefumua mama, ndiyo. Sababu nitaisema mwisho.

Wale mnaonifuata toka mwaka jana mnajua nilianzaje, kwa vishikio vya sufuria. Fundi wa jirani hapa Ngamiani, Tanga, alikuwa anajaza mfuko wa rambo vipande vya vitenge kila wiki halafu anavichoma, roho ikaniuma, nikamwomba awe ananiwekea. Nikaanza na miraba miwili ya inchi 8, katikati naweka kipande cha taulo kuukuu mara mbili, nazungushia utepe wa hanamu, ule uliokatwa mshazari, basi. Nikatoka hapo nikaenda kwenye vipochi vya zipu, nikaenda kwenye foronya, na binti yangu wa kati akaniomba kifuko cha kuwekea rula na penseli, darasa zima wakakitaka nikashona tisa kwa wiki moja. Vitu vidogo vina raha yake, unaanza baada ya kuosha vyombo na kabla hujalala kipo mkononi kimekwisha.

Vishikio vilinifundisha kitu kimoja ambacho sikisahau. Vitambaa vinavyouzwa siku hizi kwa jina la kitenge si vyote pamba, vingi ni poliesta, na poliesta ikikutana na sufuria iliyotoka jikoni inayeyuka, nilimpa shoga yangu kishikio akaniletea kimeshikana kama plastiki ya mshumaa. Tangu siku hiyo kila kipande nachomoa uzi mmoja nauchoma kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini, poliesta inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta situpi, inaenda kwenye vipochi. Pamba naitunza kama dhahabu.

Sasa huu mradi mkubwa. Nashona mfarishi, yaani tandiko la viraka vilivyounganishwa, wa kitanda cha binti yangu, kile cha tatu na nusu kwa sita. Wengi mnauita kwilti na hakuna ubaya, ila mfarishi ni neno letu la zamani na mi nalipenda, linanukia sanduku la bibi harusi. Na vitambaa vyake vyote ni kanga zilizochakaa, kitenge nimekiacha pembeni kwa sababu ni kizito na kanga ni nyepesi, ukivichanganya kwenye bloku moja (ndiyo kile kipande cha miraba iliyoungana) kimoja kinavuta mwenzie.

Mnajua safari ya kanga nyumbani. Inaingia ni doti mpya ina wanga inakwaruza, ya kutokea kwenye shughuli, ikipauka kidogo inakuwa ya kushindia ndani, halafu ya jikoni, halafu ya kubebea mtoto, halafu winda, na mwisho wake ni dekio. Mimi nazikamata kati ya kubebea na dekio. Hapo kanga imeshafuliwa mara mia mbili huko, rangi iliyotaka kutoka imetoka yote, na laini yake hiyo hakuna duka linaloiuza. Tatizo ni kwamba imechoka katikati, pale panapokaliwa, kwa hiyo lazima uinyanyue uitazame kwenye mwanga wa dirisha kabla hujaweka mkasi, ukiona mtande unaonekana na mshindio umeshakatikakatika pale usikate, sogea pembeni.

Bloku yangu ni ile rahisi kuliko zote, miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Nimekata kadibodi ya boksi la sabuni inchi 3 na nusu kila upande, naizungushia chaki, nakata. Kila mraba ukishonwa unabaki inchi 3, tisa zikiungana bloku inakuwa inchi 9 na nusu, na nusu hiyo itaondoka siku ya kuunganisha bloku na bloku. Kwa karatasi ni hesabu ya darasa la nne. Kwa mkono ilinitoa machozi, kwa sababu mimi nimefundishwa kushona na fundi wa magauni, na fundi wa magauni anaacha akiba, nusu inchi mpaka inchi nzima, ili mtu akinenepa nguo ifumuliwe ipanuliwe. Mkono wangu ukashona nusu inchi wenyewe bila kuniuliza. Bloku sita za kwanza zikatoka inchi 8 na nusu, inchi nzima imepotea, na huwezi kuzipanga na wenzake hata uzivute vipi. Mfarishi hauna mtu wa kunenepa, unataka robo inchi tu kila mshono, na robo hiyo iwe ile ile toka mwanzo hadi mwisho. Dawa niliyoipata ni plasta ya kidonda, nimeibandika kwenye bati la cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa unatembea kwa kuigusa. Toka siku hiyo sijakosea, zile sita zimekuwa mito miwili ya sebuleni.

Na pasi. Nilikuwa nadhani pasi ni ya mwisho, kumbe pasi ni nusu ya kazi. Kila mshono unapigwa pasi kabla haujakutana na mwingine, na haiburuzwi, unaikandamiza unainyanyua, ukiburuza mraba unageuka yai. Safu ya kwanza mishono yote inalala kulia, ya pili inalala kushoto, ya tatu kulia tena, halafu ukiziweka uso kwa uso ile mishono inakumbatiana yenyewe, unaisikia kwa kidole gumba, na makutano yanatoka msalaba ulionyooka. Ile siku nilipofungua bloku nikaona misalaba minne imekaa sawasawa nilimwamsha baba watoto aje aone. Akaja, akaangalia muda mrefu, akasema "imenyooka". Kwake hilo ni neno kubwa.

Kilichonisumbua zaidi ya yote ni jina. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maandishi yake, na mimi nilikuwa nakata tu, miraba ni miraba. Siku moja mama mkwe akakaa kwenye mkeka karibu na rundo la miraba yangu akaanza kuigeuza mmoja mmoja, akaokota umeandikwa WEMA HA, akaokota mwingine UOZI. Akaviunganisha kwenye paja lake, WEMA HAUOZI, akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, hii aliniletea marehemu mdogo wangu nilipojifungua baba watoto wako." Nikashindwa pa kuweka uso. Kanga yenyewe ilikuwa kwenye ndoo ya madekio, aliitoa yeye mwenyewe, kwa hiyo shida yake haikuwa kitambaa. Akaniambia, nguo inachakaa, jina halichakai, jina halikatwi. Mtu aliyekununulia kanga alisimama dukani akasoma majina kumi akakuchagulia lako, sasa wewe unamkata maneno katikati.

Mimi nikajitetea kidogo kwa adabu, nikamwambia mama, hata hiyo leso yenyewe, yaani kanga, ilizaliwa kwa kukatwa na kushonwa. Na ni kweli, historia inavyosimuliwa ni kwamba karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua vitambaa vya mkononi vya miraba ambavyo vilikuwa vinauzwa havijakatwa, vimeungana kwenye jora, Wareno wakiviita lenço na ndipo likatoka neno leso. Wanachukua sita, wanakata mara mbili, tatu na tatu, wanazishona juu na chini likawa vazi moja, leso za kushona. Wenye maduka walipoona hivyo ndo wakaanza kuchapa kitambaa kizima. Yaani bibi zetu waliunganisha miraba kabla yetu, na vazi letu la heshima kuliko yote limetokana na mikono yao. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa. Lakini zile hazikuwa na majina."

Jamani hana makosa. Majina yalikuja baadaye, kanga zikiwa zimeshaanza kuchapwa.

Nililala na hilo neno siku kama tatu hivi sigusi mkasi. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyenipa njia, alikuwa anachambua mchele akasema hivi hivi, kwani lazima kila kitu kiwe mraba? Basi nikaelewa. Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi, hiyo ni karibu inchi 59, na upana wa bloku zangu tano zikiungana ni inchi 45. Ina maana naweza kukata jina zima pamoja na nafasi yake kulia na kushoto, ukanda mmoja mrefu usio na kiungo, na kuupitisha kati ya safu na safu. Mji unakuwa miraba, jina linakuwa ukanda, na pindo nitalizungushia pembeni kote liwe pindo la mfarishi. Kila sehemu ya kanga imerudi kazini kwake. Safu saba za bloku tano tano, jumla bloku 35, miraba 315, na majina sita katikati. Naona ni mpango mzuri kuliko wowote ambao ningeutoa mwenyewe kichwani na si wangu, ni wa mama mkwe.

Katikati ya kupumzika nilijaribu pia ushonaji wa Wasiddi kwa mto wa mtoto mchanga. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, walio Karnataka mababu zao wengi waliletwa Goa na Wareno kama watumwa, wengine wakakimbilia misituni. Wanawake wao wanashona mfarishi wa viraka wa mkono unaoitwa kawandi. Hawatengenezi bloku kabisa. Wanatandika kitambaa kizima chini, wanaanza ukingoni kuweka kiraka wakikunja kingo zake, wanakishona kwa bandi ndefu na kuzunguka, kiraka kinafuata kiraka, wakiingia ndani taratibu mpaka wafike katikati. Na kwenye kona nne wanaweka viraka vidogo vilivyokunjwa wanaviita phula, maana yake ua, bila hayo maua wanaona mfarishi uko uchi. Niliposoma hilo la uchi nilisimama, kwa sababu ndiyo sauti ile ile ya mama mkwe, kuna kitu kwenye nguo ambacho si cha kufunika mwili wala baridi na bado bila hicho nguo haijakamilika. Mreno huyo huyo aliyetuachia neno leso ndiye aliyewavusha wale watu bahari. Nilishona kona zangu nne kwa mkono usiku huo nikiwafikiria wale wanawake.

Turudi kwenye leo. Nilikuwa nimeshaunganisha safu tatu za chini na majina mawili katikati yake, nikatandika kitandani kwa binti ili nione inavyokaa, na bloku zilizobaki nikazipanga juu bila kushona. Binti akaruka ruka kwa furaha, akaanza kusoma majina kutoka juu kushuka chini. Mama mkwe akaja na fimbo yake akasimama upande wa miguuni akasoma la mwisho kabisa kwa sauti, MUNGU NI MWEMA.

Akaniangalia. "Hili utaliweka miguuni mwa mtoto?"

Sikuwa nimefikiria. Nilipanga kwa rangi, ile kanga ni ya buluu na chini nilitaka iwe buluu. Nikamwambia nitalibadilisha mama, nikadhani ni ukanda mmoja tu, kumbe ukishautoa huo lazima uamue lipi linashuka, na kila nililoliinua akalikataa. Radhi ya mama haiwezi kukaa miguuni. Wema hauozi (lile jina la marehemu mdogo wake, ile miraba miwili nimeiunganisha na ukanda wa kitambaa cheupe pande zote mbili likarudi kuwa jina) hilo hata sikumuuliza. Tumezipanga na kuzipangua mpaka adhana ya isha. Mwisho tukapata moja ya njano ya jikoni imeandikwa KARIBU MGENI, akasema hiyo sawa, mgeni anaingilia mlangoni, na miguu ya kitanda iko mlangoni. MUNGU NI MWEMA inapanda juu kabisa, kati ya safu ya kwanza na ya pili, pale anapolaza kifua.

Kwa hiyo nafumua. Nafumua kwa wembe nusu, nakata uzi mmoja kila mishono minne upande wa chini halafu navuta uzi wa juu unatoka wote kama mkia, kitambaa cha zamani namna hii hakitaki kuvutwa kwa nguvu kinachanika. Nimefika bloku ya tatu kati ya tano. Mama mkwe amenyamaza huko ndani, na nadhani hapa sasa amelala kweli.