Nimerudi Dar, na kilichonishtua ni giza la chini ya reli

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi kutoka Marekani. Kila anayekuja kunisalimia anauliza nimeuonaje mji, na najua anategemea nitaje mwendokasi, daraja la Tanzanite au maghorofa ya Kariakoo. Nimeyaona yote na nimefurahi. Ila nikizima taa nilale, kinachonijia ni karavati la chini ya reli mtaani kwetu.

Mliokulia huku kwetu, njia ya Pugu, mnakumbuka reli ilikuwa nini. Ile ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa hapa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ilikatiza katikati ya nyumba zetu bila uzio wowote. Tulivuka popote miguu ilipotufikisha: shuleni, gengeni, bombani. Tulipanga vizibo vya soda juu ya chuma, treni ya mizigo ikishapita tunakimbilia kuokota visahani vya moto. Na usiku tulivuka bila wasiwasi, kwa sababu aliyesimama juu ya tuta la reli alionekana toka mbali. Kulikuwa na mbalamwezi, kulikuwa na koroboi za wauza samaki pande zote mbili, na ukikohoa tu mtu anakujua ni mtoto wa nani. Niliondoka 2011. Hata treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini, nimeisikia kwa simu.

Sasa kuna reli ya umeme. Treni inayofika kilomita 160 kwa saa huwezi kuiachia watu wakatize mbele yake na ndoo kichwani, kwa hiyo uzio ni haki na siulalamikii. Nimeipanda mpaka Morogoro, na ilipoanza kuondoka stesheni machozi yalinitoka mbele za watu. Ninachosema ni kwamba mtaa umekatwa vipande viwili, na kwa sisi wa miguu njia iliyobaki ni tundu la zege chini ya tuta.

Usiku wangu wa nne tulitoka msibani ng'ambo, mimi na mama. Ilikuwa saa tatu na ushee. Kwenye mdomo wa karavati mama akasimama. Nikadhani amechoka. Akaniambia, "Tusubiri wenzetu." Tukasimama mpaka wakaja akina mama wengine wawili, ndipo mama akatoa kitochi chake, akakiwasha, akakohoa kwa nguvu mara mbili kabla ya kuingia. Kikohozi kile si cha ugonjwa. Ni cha kumjulisha aliyemo ndani kwamba watu wanaingia. Mama yangu ana miaka sabini na moja, na amejifunza kukohoa hivyo uzeeni.

Ndani kulikuwa na maji ya kufika kifundoni upande mmoja, kwa hiyo wote tunabanana ukuta wa kulia. Katikati alikuja mtu kutoka upande wa pili. Kwa sababu taa ya barabarani ya ng'ambo ilikuwa nyuma yake, tuliona kivuli tu, kipana, hakina uso. Mama alinishika mkono akaukaza. Yule mtu alipotufikia akasema, "Shikamooni." Alikuwa kijana wa jirani, mama alimbeba mgongoni akiwa mchanga! Hakumjua mpaka alipotoa sauti.

Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu giza la namna ile nililiacha Marekani likiwa limekwisha.

Niliishi Birmingham, Alabama, miaka kumi na nne. Ni mji ulioanzishwa 1871 pale njia mbili za reli zilipokutana, ukakua kwa chuma na makaa ya mawe. Reli imepita katikati na kuugawa mji, kaskazini upande huu, kusini upande ule, na barabara zinapita chini ya reli. Kazi yangu ilikuwa hospitalini upande wa kusini, zamu ya usiku. Basi liliniacha upande wa kaskazini. Kwa hiyo kila usiku nilipita chini ya reli Barabara ya 18. Miaka ile miwili ya mwanzo nilikuwa natembea katikati ya lami badala ya pembeni, niwe karibu na taa za magari. Kuta zilikuwa nyeusi, maji yakidondoka, mavi ya njiwa kila mahali.

Mwaka 2013 wakaweka taa. Kazi hiyo inaitwa LightRails, na aliyeibuni ni msanii Bill FitzGibbons wa San Antonio, Texas, ambaye mwaka 2006 alikuwa amefanya kazi kama hiyo kwao, chini ya barabara kuu. Hakubomoa kitu. Kivuko kile ni cha mwaka 1931, zege lake lina michirizi na nguzo nzuri ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama. Alizielekezea taa za LED zinazoendeshwa na kompyuta: bluu inapanda taratibu, inageuka zambarau, inaingia nyekundu, kijani inatokea upande wa pili. Usiku wa kwanza nilisimama nikachelewa kazini. Baada ya mwezi nilikuta wanapiga picha za harusi mle ndani, bibi harusi ameshika gauni lisiguse chini, mahali ambapo mimi nilikuwa nabana pumzi.

Nimekaa nikiwaza kwa nini ile ilifanya kazi, na jibu langu ni kuta. Huku kwetu tukisema taa, tunafikiria mlingoti na balbu moja kali juu. Balbu hiyo inakupiga machoni, na aliyesimama nyuma yake humwoni kabisa. Kule mwanga ulielekezwa ukutani, ukuta ukaurudisha kwa watu, kwa hiyo mtu anayekuja unamwona uso akiwa bado mbali, unajua mapema kama wa kumsalimia au wa kumkwepa. Na macho hayapati shida ya kutoka kwenye mwanga mkali na kutumbukia gizani ghafla, maana yanahitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na karavati unalimaliza kwa nusu dakika. Halafu rangi zikaleta watu. Taa nyeupe peke yake ingenionyesha njia, lakini zile rangi ndizo zilizowatoa watu nyumbani wakaja wenyewe, na pakiwa na watu mwizi hana pa kukaa. Kando yake kuna bustani kubwa ya Railroad Park, ekari 19, iliyofunguliwa 2010, na watu wakaanza kuunganisha matembezi ya bustanini na mjini kwa kupita pale pale.

Nimelisema hili la taa za rangi ukutani, kwa karavati letu, kwa watu wawili watatu wenye nafasi ya kusaidia. Mmoja alicheka, akaniambia nataka kuleta disko mtaani. Sikumjibu, lakini neno lile limenikaa. Aliyelisema anapita juu, ndani ya gari. Mama anapita chini.

Wenzangu mnaofunga mabegi kurudi nyumbani, nawaambia niliyoyaona. Usinunue taa za rangi huko Marekani ukidhani utafunga huku. Nyingi ni za volti 120, na umeme wetu wa 230 utaziunguza siku hiyo hiyo. Nilikuja na boksi zima, zimebaki bure. Lete taa ya kuvaa kichwani, mbili ukiweza, moja ya mzazi wako. Usifike usiku ukasema utatembea kutoka kituoni kwa sababu njia unaijua. Njia hiyo haipo. Chukua boda azunguke barabarani, mpe buku mbili yake. Na ukikuta akina mama wamesimama kwenye mdomo wa karavati, simama nao, usiwapite kwa haraka ya Kizungu.

Mimi sisubiri taa za rangi wala kompyuta. Kuna mama anauza mihogo ya kukaanga upande wetu, ana taa ya chaji ameitundika kwenye mwamvuli, na kila anayeingia humwambia, "Pita mwanangu, kuna watu." Tatizo alikuwa anafunga saa mbili na nusu, chaji ikiisha. Nimemnunulia taa ya pili, na gharama ya chaji naitoa mimi. Mwenyekiti wa mtaa ameturuhusu kupaka chokaa, na Jumamosi vijana walipaka ukuta wa kulia, ule wenye njia kavu, mpaka usawa wa mkono ulipofika. Taa ya mihogo sasa tumeigeuza iangalie chokaa. Jana saa nne kasoro nilisimama ng'ambo nikamtazama mama akija. Alikohoa bado. Lakini nilimwona uso tangu alipoingia, na yeye aliniona, akaninyooshea mkono kutoka katikati.