Aliyechimba Mfereji wa Winnipeg

Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka hapa Winnipeg, Kanada, mimi hwenda kusini mwa mji kulitazama lango la mfereji wa mafuriko, na nikisimama pale humkumbuka Duff Roblin, mtu ambaye wahamiaji wenzangu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Alizaliwa mjini humu mwaka 1917, akiwa mjukuu wa Rodmond Roblin, aliyeliongoza jimbo la Manitoba tangu 1900 hadi 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Jeshi la Anga la Kanada, akapanda hadi cheo kinacholingana na luteni kanali wa kwetu. Aliporudi uraiani aliuza magari, na mwaka 1949 akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Mwaka uliofuata Mto Red, upitao katikati ya mji, ulifurika, na watu wapatao laki moja wakayahama makazi yao.

Mto huu hutiririka kuelekea kaskazini. Barafu ya upande wa Marekani huyeyuka mapema, na maji yake yanapofika huku hukuta mto bado umeganda, hivyo hutapakaa kwenye tambarare. Roblin alipokuwa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1958, alishikilia kwamba lazima uchimbwe mfereji wa kuyapitisha maji hayo mashariki mwa mji, kilomita 47, kwa gharama iliyofikia dola milioni 63. Serikali kuu ilibeba sehemu kubwa, lakini fedha iliyobaki ilikuwa mzigo mzito kwa jimbo lenye watu wachache, na waliompinga waliubeza mradi wakiuita mtaro wa Duff. Nadhani aliyezoea hesabu za duka na maandalizi ya vita hakuona ajabu kulipia kinga kabla ya hatari kurudi.

Kazi ilianza 1962 ikamalizika 1968, wakati yeye ameshaacha uongozi wa jimbo, na ameshindwa na Robert Stanfield katika kuwania uongozi wa chama chao kitaifa. Mwaka 1997 maji yalipokuja kwa kishindo, mji ulisalimika, lakini Ste. Agathe, kijiji kilicho kusini mwa lango, kilizama, na machungu ya watu wa huko nayaheshimu. Roblin, aliyefariki 2010, aliyaona yote hayo kwa macho yake.

Milango miwili ya chuma ya lango hilo kwa kawaida hulala kwenye sakafu ya mto, mashua zikipita juu yake. Maji yakizidi, huinuliwa polepole, na mto hugeuka kuufuata mfereji.