Kitoweo cha Jumatano Huamuliwa Jumamosi

Mwalimu akitoka shuleni saa kumi na moja jioni, madaftari ya kusahihisha mkobani, hupita penye viazi karai, bajia na mishikaki kabla hajafika mlangoni kwake. Ikiwa hajui usiku huo kunapikwa nini, atanunua. Nyumba nyingi za walimu hapa Mombasa hazifilisiwi na soko. Zinafilisiwa na muda huo mfupi wa jioni, kwa shilingi mia na mia mbili zinazotoka kwenye M-Pesa bila kuhesabiwa. Chukua taarifa yako ya M-Pesa ya mwezi uliopita, tia alama malipo yote ya chakula yaliyofanywa baada ya saa kumi jioni, kisha jumlisha. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia kazi.

Namba ya pili iko kwenye hati ya mshahara. Usitazame mshahara wa msingi. Tazama kinachobaki baada ya kodi, mchango wa uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mkopo wa sacco. Kuna kanuni ya kwamba makato yasikuachie chini ya thuluthi ya mshahara wa msingi, na walimu wengi hukopa hadi kugusa mpaka huo. Thuluthi hiyo ni kinga tu, haikuwekwa kwa kuhesabu mchele na kodi ya nyumba. Kabla ya kuongeza mkopo, piga hesabu ya chakula cha siku 31 kwanza.

Nasema siku, sio wiki, kwa sababu mwezi una wiki nne na masalio. Ukigawa pesa mafungu manne, zile siku mbili au tatu za mwisho zinabaki bila senti, na hapo ndipo Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, inapoingia, na ada yake ya kila siku. Mshahara ukiingia M-Pesa, deni linajilipa kwanza, na mwezi mpya unaanza ukiwa umeshamegwa. Mshahara wa Desemba uangalie zaidi: mara nyingi huingia kabla ya Krismasi, na unatakiwa ufike mwisho wa Januari, ukipitia karo na sare za watoto njiani.

Sasa jikoni. Kinachomshinda mwalimu jioni ni kitoweo. Wali au sima ni kazi ya nusu saa. Kwa hiyo Jumamosi chemsha vitoweo vya wiki: maharagwe, mbaazi, kunde au pojo (ndengu). Familia ya watu watano inatosheka na gramu 400 kavu kwa mlo, basi kilo 1.2 ni milo mitatu. Loweka usiku, lakini kwa joto letu maji ya kulowekea huanza kutoa povu na harufu yakikaa mno. Weka bakuli kwenye friji, au usizidishe muda wa saa nane. Mwaga maji hayo, tia mapya, na maharagwe mekundu yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kwani yakiwa hayakuiva sawasawa huumiza tumbo. Pojo hazihitaji kulowekwa. Sufuria ya presha hapa si anasa, inaokoa gesi kila wiki.

Usitie nazi. Hili ndilo kosa linaloharibu mpango mzima. Chakula cha nazi huchacha upesi sana. Ukiunga sufuria nzima Jumamosi, kufikia Jumatatu unamwaga, na kesho yake unarudi kwenye viazi karai. Chemsha kwa maji na chumvi kidogo, tandaza kwenye sinia ili vipoe haraka, gawa kwenye mikebe yenye vifuniko, kila mkebe mlo mmoja, na vyote viwe ndani ya friza katika muda wa saa mbili. Asubuhi ya siku ya kupika, teremsha mkebe kwenye friji. Jioni kaanga kitunguu na nyanya, tia tui jepesi, vichemke pamoja, kisha kasimele, lile tui zito, mwishoni. Dakika ishirini na tano, mezani.

Siku za samaki zipange karibu na siku ya kununua, tuseme Jumamosi na Jumapili. Mchicha na sukuma wiki zinunuliwe mara mbili kwa wiki. Zikinunuliwa zote mara moja, nusu inanyauka.

Soko la Kongowea bei ni nzuri kwa anayenunua vingi, na hapo ndipo pana mtego. Gunia la viazi kwa nyumba moja ni hasara: joto na unyevu wa pwani huvichipuza na kuviozesha kabla hujafika katikati. Gawaneni walimu watatu au wanne. Vitunguu vikae mbali na viazi, penye upepo. Mchele nunua wa mwezi mmoja. Ukikaa zaidi, wadudu wanaanza. Ukiwa na nafasi, ulaze kwenye friza siku nne, uache urudi joto la nyumba ukiwa umefungwa, kisha uutie kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Muuzaji akiwa na namba ya till, ile ya kulipia bidhaa kwa M-Pesa, lipia hapo, maana mnunuzi hakatwi ada. Kutuma zaidi ya shilingi mia kwa simu ya mtu kunakatwa, na makato madogo ya vibanda sita yanaweza kufikia bei ya fungu la mchicha.

Chakula cha mchana cha shuleni, usibebe wali wa nazi wala mwiku wake, yaani kiporo. Mkobani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana, huo unaweza kuwa umeharibika hata kama haujanuka. Beba chapati.

Na ziko wiki ambazo hakuna mtu atakayepika: mitihani ya mwisho wa muhula na kujaza alama. Tarehe zake zinajulikana tangu muhula unapofunguliwa. Jumamosi mbili kabla yake, chemsha mara mbili ya kawaida, na hakikisha tokeni za stima zinatosha kuiwasha friza hadi shule zifungwe.