Mathayo Mtoza Ushuru na Kijana wa Besi ya Pili

Neno la wiki: Mathayo 10:2–4

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tusome orodha ya majina. Najua ndizo sehemu tunazoziruka, lakini tuvumiliane. Fungua Marko sura ya 3, usome mitume kumi na wawili. Nenda Luka sura ya 6, usome tena. Kisha rudi Mathayo 10. Kwa Marko utakuta “Mathayo”, basi. Kwa Luka vilevile. Kwa Mathayo mwenyewe utakuta “Mathayo mtoza ushuru”. Wenzake walimwachia jina tupu, yeye akaiandika kazi yake ya zamani kwa mkono wake. Na Marko na Luka wanapofika kwenye habari ya yule aliyekuwa ameketi forodhani, wanamwita Lawi, kama watu wanaomfunika mwenzao shuka aliyejisahau usingizini.

Nimekaa na jambo hilo tangu Jumatatu, na kilichonifikisha hapo ni besiboli, mchezo ambao sijawahi hata kushika rungu lake. Nilikuwa nasoma habari za timu ya New York Giants na msimu wake wa mwaka 1908.

Mwaka ule timu tatu zilibanana kileleni mwa ligi mpaka Oktoba: New York, Chicago na Pittsburgh. Tarehe 23 Septemba New York walikuwa nyumbani, uwanja wa Polo Grounds, wakicheza na Chicago. Fred Tenney, mlinzi wa besi ya kwanza, alikuwa anaumwa mgongo, kocha John McGraw akamweka kijana wa miaka 19 aitwaye Fred Merkle.

Kwa sisi tusioujua mchezo: mpigaji akishaupiga mpira hukimbia kuzunguka vituo vinne, vinavyoitwa besi, na akifika cha mwisho timu yake inapata pointi. Ukiwa unalazimika kwenda besi fulani, kwa kuwa mwenzako aliyepiga anakuja kwenye besi uliyopo, na mpinzani akaikanyaga akiwa na mpira mkononi kabla hujafika, umetolewa. Na ukiwa wewe ndiye wa tatu kutolewa, pointi iliyopatikana katika tukio hilohilo inafutwa.

Zamu ya 9, ya mwisho. Timu ziko sare, pointi moja kwa moja. New York wanapiga, wawili wao wameshatolewa. Merkle anapiga vizuri, anafika besi ya kwanza, na mwenzake McCormick anasogea hadi besi ya tatu kwa sababu ya pigo hilo. Shikeni hapo, maana ndipo wengi hawapataji: bila pigo la kijana huyu hakuna mtu besi ya tatu. Anafuata Al Bridwell, anapeleka mpira katikati ya uwanja, McCormick anaingia nyumbani. Mbili kwa moja! Mashabiki wanamwagika uwanjani. Merkle, aliyekuwa anakimbilia besi ya pili, anaona umati, anakata kona kabla ya kuigusa na kukimbilia chumba cha wachezaji.

Wachezaji wa siku hizo walikuwa na mazoea hayo. Mechi ikishaamuliwa, nani angejali besi ya pili huku watu wanakuja mbio? Wiki tatu nyuma, tarehe 4 Septemba kule Pittsburgh, mchezaji mwingine alifanya hivyohivyo, Chicago wakalalamika, na mwamuzi Hank O’Day hakumtoa. Sasa mwamuzi ni O’Day yuleyule, na wanaolalamika ni Chicago walewale. Johnny Evers amesimama besi ya pili anaita mpira. Joe McGinnity wa New York anaunyakua na kuutupa kwa mashabiki. Evers anapata mpira, kama ni uleule au mwingine watu wanabishana hadi leo, anaikanyaga besi. O’Day anamtoa Merkle. Pointi imefutwa, mechi ni sare.

Ligi ilipofika mwisho, New York na Chicago walikuwa sawasawa, ikabidi mechi ile irudiwe tarehe 8 Oktoba. Chicago wakashinda 4 kwa 2. Wakamaliza na ushindi mara 99, New York na Pittsburgh mara 98 kila mmoja.

Lawama zote akabebeshwa Merkle. Hakuna aliyeuliza habari za Harry Coveleski, mrushaji chipukizi wa Philadelphia (mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira), aliyewafunga New York hao hao mara tatu ndani ya siku tano mwishoni mwa msimu. Wangeshinda mechi moja tu kati ya hizo tatu, wasingefika mwisho wakiwa sawasawa na Chicago. Wala hakuna aliyemwita majina Christy Mathewson, nyota wao mcha Mungu aliyemwahidi mama yake kwamba hatacheza Jumapili, ingawa ndiye aliyekuwa akirusha mpira siku ya marudio. Magazeti yalimbandika kijana jina la Bonehead. Mbumbumbu. Jina la ukoo wake wakaligeuza kitenzi: mtu asipofika aliko­tarajiwa, “ame-merkle”.

McGraw, mtu mkali kwelikweli, hakumlaumu. Alikaa naye hadi 1916. Merkle akacheza fainali kuu za ligi mara tano, na mara zote tano timu yake ikashindwa. Sijui tufanye nini na habari hiyo, ila nimeona nisiifiche.

Lakini kilichonikosesha usingizi hakikutokea uwanjani. Husimuliwa kwamba miaka mingi baadaye Merkle alihamia Florida, akaishi kimya na familia yake. Jumapili moja wakaenda kanisani. Mhubiri mgeni akapanda mimbarani, na kama tufanyavyo wahubiri, akaanza na utani ili watu wachangamke. Akasema ana aibu ya kuungama: anatoka Toledo, Ohio, mji alikokulia yule Bonehead Merkle. Merkle na familia yake wakainuka, wakatoka.

Mpeni mhubiri haki yake. Hakujua. Alitaka watu wacheke kidogo kabla ya Neno, na pengine Neno lake lilikuwa zuri sana, tena pengine lilihusu msamaha. Sisi tunaosimama mbele za watu tuna akiba ya utani wa namna hii, na siku zote kwenye benchi la nyuma kuna mtu tusiyemjua.

Mathayo aliijua njia nyingine. Lile neno “mtoza ushuru” hakulibandika kwenye jina la mtu mwingine, ila lake mwenyewe tu. Kwenye ukoo wa Yesu, sura ya 1 mstari wa 5, alipomfikia Rahabu aliandika Rahabu, akaendelea. Mtaniambia Waebrania 11 inamtaja kwa kazi yake ile. Kweli, ila inamtaja ikiwa inamsifu.

Mwaka 1950 Merkle alikubali kurudi Polo Grounds, siku ya kuwakumbuka wachezaji wa zamani. Alikuwa na miaka 61. Umati ukamshangilia. Alifariki mwaka 1956.

Sasa niseme langu. Miaka kumi na moja iliyopita usharikani kwetu, siku ya Kipaimara, kijana mmoja wa kwaya alisimama na kuanzisha wimbo wakati askofu hajamaliza kuomba. Sauti nzuri, kali, peke yake, kanisa zima limeinamisha vichwa. Aliimba maneno manne, akasikia, akakaa. Tulipotoka nje, chini ya mwarobaini, mtu mmoja akamwita “Mapema”. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu huyo ni mimi.

Jina likashika. Aliacha kwaya mwaka uleule, akasema kazi zimembana, na sisi tukakubali kwamba kazi zimembana. Akaoa, tukamchangia kwa jina hilo. Daftari la michango lipo, limeandikwa “Harusi ya Mapema”. Mwezi uliopita mwanawe alikuja Shule ya Jumapili, nikamsikia mtoto mwenzake akimwambia, “Wewe si mtoto wa Mapema?”

Jana usiku nilichukua simu nimwombe radhi. Nimemhifadhi kama “Mapema Kwaya”. Nikaona kwanza nibadilishe jina, ndipo nipige. Nikafuta yale maneno mawili, nikabaki nimeshika simu. Jina lake la ubatizo silijui.