Karabai ya zamani: usiiuze kwa kilo kabla hujaijaribu

Wavuvi wengi wa dagaa Kigoma wamehamia taa za LED na betri, na karabai zao, zile taa za mafuta zenye pampu, zinaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Ni hasara kubwa. Tangi la shaba ambalo halijatoboka bado lina kazi, na mara nyingi kinachougua ni pampu tu.

Kwanza soma muhuri kwenye tangi. Petromax halisi ilitoka kwa Ehrich & Graetz wa Berlin, ikaanza 1910, na jina lake limebeba la Max Graetz. Hipolito ni ya Torres Vedras, Ureno. Anchor na Butterfly ni za China, zimefuata umbo la Petromax. Tilley ya Uingereza ni ukoo mwingine kabisa, usiitafutie vipuri vya Petromax. Hata kipuri cha Kichina juu ya tangi la Kijerumani kikigoma, usikilazimishe kwa spana: uzi wa shaba ni laini, na ukishaliwa tangi limekwisha.

Sasa pampu. Ukisukuma bila kukutana na ukinzani, ngozi iliyo ndani ya pampu imekauka. Itoe, iloweke kwenye mafuta ya mashine usiku kucha, kisha itanue mdomo kwa kidole gumba hadi ifanane na kikombe kidogo. Mpini ukipanda wenyewe baada ya kusukuma, kosa liko chini zaidi, kwenye vali ya mwisho wa pampu: kiraka chake cha mpira kimechoka. Pakaa povu la sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

Tia mafuta ya taa, robo tatu ya tangi. Petroli kamwe, taa hii inaweza kulipuka. Legeza skrubu ya hewa, jaza spiriti kwenye kikombe cha chini ya utambi (kile kifuko kinachotoa mwanga), uwashe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapampu mapema. Bomba linalopandisha mafuta lisipopata moto wa kutosha, mafuta yanafika juu yakiwa maji badala ya mvuke, na taa inatoa ndimi za njano na masizi hadi kwenye kofia. Kwenye upepo wa ziwani kikombe kimoja hakitoshi, ongeza cha pili moto wa kwanza ukishazimika. Spiriti inapokaribia kuisha, funga skrubu, pampu taratibu. Utasikia mvumo, kisha utambi unageuka mweupe wa kuumiza macho.

Ukipepesa, zungusha gurudumu dogo mara moja. Sindano itapanda na kusafisha tundu la nozeli, mdomo mdogo unaotoa mvuke. Ikiwa bado ni njano na bomba limepata moto vizuri, huenda tundu limepanuka kwa kuchokolewa miaka mingi. Badilisha nozeli, usiichonge.

Utambi wenyewe ni kifuko cha kitambaa. Ukiungua mara ya kwanza unabaki majivu yanayoshikana, kama ya karatasi iliyoungua bila kuguswa. Ukiwa na tundu dogo tu, moto unachomoza hapo na kupasua kioo, kwa hiyo badilisha siku hiyohiyo. Tambi za zamani zina thoriamu, yenye mionzi kidogo: usivute vumbi lake, nawa mikono. Na ukiipeleka karabai kwa bodaboda kutoka Ujiji hadi mjini, hesabu utambi mpya kwenye gharama, maana uliokwisha kuungua haufiki salama.